Mama alienda mara tatu: kwa nini watoto wa vijiji vyetu wanakosa chanjo



Mwaka 2019 nilihubiri mahubiri ambayo leo ningependa kuyafuta. Juma lile tulikuwa tumezika watoto wawili wa paruasi yetu, wote kwa surua, mmoja hajafikisha hata miaka miwili. Paruasi yetu iko kwenye vilima vilivyo juu ya ziwa, Kivu ya Kusini, na kutoka kapela ya juu mpaka kituo cha afya ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nilipanda mimbari nikiwa na uchungu, na uchungu ule nikaumwaga juu ya kina mama. Nikasema chanjo ni ya bure. Nikauliza ni mama gani huyu anayepata siku ya kwenda sokoni lakini hapati siku ya kumpeleka mtoto wake. Wazee wa kanisa walitikisa vichwa wakikubali, na waimbaji wakaitika amina.

Baada ya ibada mama mmoja wa chama cha kina mama alinisubiri nyuma ya kanisa. Akasema, “Baba Mchungaji, umehubiri vizuri. Lakini mimi nilienda mara tatu.”

Akanieleza. Mara ya kwanza alikuta kufuli mlangoni, muuguzi ameitwa kwenye mafunzo katika ofisi ya zone ya afya. Mara ya pili alimkuta muuguzi, lakini watoto waliofika siku ile walikuwa wanne tu, na akaambiwa kichupa hakifunguliwi kwa ajili ya watoto wanne, arudi juma lijalo. Mara ya tatu chanjo ilikuwa imekwisha. Kila safari ni saa tatu za kushuka na zaidi ya saa tatu za kupanda, na siku nzima ya shamba imepotea. Mara ya nne hakuenda tena. Wakati anaongea nami, mtoto wake alikuwa mgongoni ana homa kali, macho mekundu yanatoa maji, vipele vimeshaanza nyuma ya masikio. Mtoto alipona, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini surua ilichukua jicho lake la kushoto.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza, kila ninapotembelea kapela zetu na kila ninapokutana na wachungaji wenzangu wa sehemu nyingine za Kivu, swali moja: mtoto huyu asiye na chanjo, mama yake alikataa au alirudishwa? Walio wengi walirudishwa. Wako waliokataa pia, nami nitawasema mbele. Lakini tukianza na hao, kama nilivyofanya mimi, tutakosea kila kitu kinachofuata.

Tuangalie kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Wataalamu wanamwita “mtoto wa dozi sifuri” yule ambaye hajapata hata ile sindano ya kwanza ya wiki ya sita, ile yenye chanjo tano ndani yake. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani (OMS) na UNICEF, mwaka 2024 watoto wa namna hiyo walikuwa milioni 14.3 duniani kote, na zaidi ya nusu yao walikuwa katika nchi tisa tu. Kongo yetu ni mojawapo ya hizo tisa.

Matunda yake tumeyaona. Kati ya mwaka 2018 na 2020 ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na wengine wachache upande wetu wa Kivu ya Kusini. Dunia nzima ilijua. Magari meupe yalijaa Beni na Butembo, kila mlangoni kulikuwa na maji ya kunawia na kipimo cha homa. Katika miaka hiyo hiyo surua iliua watu karibu 7,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto chini ya miaka mitano. Ni mara tatu ya Ebola. Na surua ina chanjo ambayo imekuwepo tangu sisi wenyewe tukiwa watoto. Ni ugonjwa unaoambukiza kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua: ili kijiji kiwe salama, watoto 95 katika kila 100 wanapaswa kuwa na kinga. Kwa hiyo hata mahali ambapo watoto wengi wamechanjwa, wale wachache waliorudishwa mlangoni wanatosha kuwasha moto.

Sasa niwaeleze habari ya kichupa, maana wengi wetu hatuijui, nami pia sikuijua mpaka nilipoenda kumwuliza muuguzi mwenyewe. Nilienda nikiwa na hasira kidogo. Nilirudi nikiwa na mawazo mengi.

Kalenda ya mtoto wa Kongo inaanza siku anapozaliwa: chanjo ya kifua kikuu, ile ya BCG inayoacha alama mkononi, pamoja na matone ya polio. Halafu anarudi wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, kwa ajili ya sindano ya magonjwa matano (dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini ya aina B na kidudu kinacholeta homa ya uti wa mgongo kwa watoto), matone ya polio, na kinga za nimonia na za kuhara. Kisha anatimiza miezi tisa, anapata surua na homa ya manjano. Hesabu safari hizo. Kwa mama wa kapela ya juu ni siku zisizopungua tano za kutembea hata kama kila kitu kinakwenda sawa, na akiwa na mtoto mwingine wa miaka miwili nyumbani, lazima amtafutie wa kumwachia.

Chanjo ya surua inakuja kama poda ndani ya kichupa, na kichupa kimoja kina dozi kumi. Kile cha BCG kina dozi ishirini. Muuguzi anachanganya poda na maji yake maalum, na kuanzia hapo ana saa sita tu. Saa sita zikipita, au watu wakiisha, kilichobaki kinatupwa, kwa sababu dawa iliyokaa inaweza kuingiliwa na vijidudu na kumdhuru mtoto. Ile ya magonjwa matano ni ya maji tayari na inavumilia: kichupa kilichofunguliwa, kikitunzwa vizuri kwenye baridi, kinaweza kutumika siku nyingine. Surua na BCG hazina uvumilivu huo.

Muuguzi wetu anapokea vichupa vichache kwa mwezi, na mwisho wa mwezi anaandika ripoti: alipokea dozi ngapi, alichanja watoto wangapi, alitupa ngapi. Akifungua kichupa cha dozi kumi kwa ajili ya watoto wanne, ameandika dozi sita zilizopotea. Msimamizi atakapokuja atauliza kwa nini. Na kama vichupa vitaisha kabla ya mwezi kuisha, watoto kumi watakaokuja juma la mwisho hawatapata kitu. Basi anafanya hesabu ambayo kwake ni ya uaminifu: anawaambia kina mama wanne warudi siku nyingine, watakapokuwa wengi. Anaokoa dozi sita na kupoteza watoto wanne, lakini karatasi ya ripoti haina mstari wa kuandika mama aliyerudishwa. Kwenye karatasi ile dozi iliyotupwa inaonekana. Mtoto aliyerudi nyumbani bila kinga haonekani popote, mpaka siku surua inapokuja.

Ushauri wa OMS ni kwamba kichupa cha surua kifunguliwe hata kama amefika mtoto mmoja. Ushauri huo ni mzuri. Lakini ukimpa mtu vichupa vitatu na kumwambia asimrudishe yeyote, na papo hapo unamwuliza kwa nini ametupa dozi, unamweka mahali pagumu. Nasema hivyo kwa sababu katika makanisa yetu ni rahisi sana kuhamisha lawama kutoka kwa mama kwenda kwa muuguzi. Muuguzi yule alikuwa na miezi mingi bila kupokea chochote kutoka serikalini. Anaishi kwa kile wagonjwa wanacholipa kituoni. Siku ya chanjo ni siku ya kazi nyingi isiyoingiza hata franga moja.

Hapo tunafika kwenye pesa. Chanjo ni ya bure, nilisema mimbarini, na ni kweli. Lakini katika vituo vingi karti ya mtoto inauzwa. Kwingine wanaomba kitu kidogo cha sabuni au cha daftari. Kuna mahali mama aliyejifungulia nyumbani anatozwa faini siku anapomleta mtoto kwa mara ya kwanza, eti kumfundisha azalie kituoni. Nia yao labda ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba mama ambaye mvua au risasi zilimzuia kufika kituoni usiku wa uchungu wake, sasa anaogopa kumleta mtoto hata kupimwa kilo. Na yule ni hasa mtoto anayehitaji kuonekana. Pesa zenyewe ni kidogo, lakini nyumbani kwetu pesa kidogo hazimo mkononi mwa mama, zimo mkononi mwa baba, na baba mara nyingi yuko kwenye machimbo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wanaume hatulioni. Kina mama wawili kwa nyakati tofauti waliniambia kwamba hawakwenda kwa sababu hawakuwa na kitenge kizima. Siku ya kupima watoto, kina mama wanakaa kwenye benchi moja wakitazamana. Mwenye nguo iliyochanika anasemwa, na mtoto mchafu anasemewa mbele ya watu, wakati mwingine na muuguzi mwenyewe. Mtu aliyeaibishwa mara moja hatembei saa tatu kwenda kuaibishwa tena.

Umbali pia una siri zake. Kwa utaratibu wa nchi yetu, wanaoishi karibu na kituo, kama kilomita tano hivi, wanakuja wenyewe. Wanaoishi mbali zaidi, muuguzi ndiye anayepaswa kuwafuata kwa siku zilizopangwa, akiwa na kisanduku cha baridi na barafu zake. Kapela yetu ya juu ilikuwa kwenye orodha ya vijiji vya kutembelewa. Nilipouliza, nilionyeshwa orodha yenyewe ikiwa imebandikwa ukutani, safi kabisa, na jina la kijiji chetu na tarehe ya kila mwezi. Lakini pikipiki ilikuwa imekufa, na hata ilipokuwa hai hapakuwa na esansi. Kwa hiyo kwenye karatasi kijiji chetu kilikuwa na chanjo kila mwezi, na mama wa kijiji chetu alikuwa anatembea saa tatu.

Wakubwa wa afya wanayajua haya, hatuwezi kusema wamelala. Mpango wa Mashako, uliozinduliwa mwaka 2018 na kupewa jina la profesa aliyewahi kuwa waziri wa afya, ulielekea hapo hapo: kuhakikisha siku za chanjo zilizopangwa zinafanyika kweli, vichupa haviishi, na msimamizi anafika. Mahali ulipofuatiliwa ulisaidia. Lakini mpango wowote wa namna hiyo unategemea barabara, esansi na mshahara, na huku kwetu vitu vitatu hivyo ndivyo vya kwanza kukosekana vita vinapokuja.

Na vita vimekuja tena. Mapema mwaka 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, halafu Bukavu. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa, na mabenki nayo. Siingii katika siasa ya jambo hilo hapa. Nataka tu mfikirie kichupa. Kwa kawaida chanjo inapaswa kukaa kati ya digrii 2 na 8 tangu inapotoka kiwandani mpaka inapoingia mkononi mwa mtoto. Njia yake kutoka Kinshasa kuja kwetu ni ya ndege. Ndege zikisimama, inabidi izungushwe kwa barabara za nchi jirani au kwa mtumbwi na pikipiki, na kila anayeipokea lazima awe na friji inayofanya kazi. Mabenki yakifungwa, hata pesa iliyotengwa kwa esansi haifiki. Na mwaka huo huo Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na kutangaza kwamba haitaendelea kuichangia Gavi, mfuko ambao nchi kama yetu hutegemea kupata chanjo. Serikali yetu nayo ina sehemu yake ya kulipa, na sehemu hiyo ikichelewa Kinshasa, friji ya kijijini inabaki tupu.

Halafu kuna watoto wa njiani. Katika paruasi yetu tumepokea familia zilizokimbia zaidi ya mara mbili. Mtoto alizaliwa msituni, BCG hakupata. Wiki ya sita walikuwa wamelala kwenye darasa la shule. Wiki ya kumi walikuwa kwa ndugu, na muuguzi wa pale akauliza karti, na karti iliungua pamoja na nyumba. Mtoto asiye na karti hapaswi kurudishwa; ni kumwanzisha na kuendelea naye. Lakini mgeni asiye na karti, asiyesema lugha ya kijiji, na asiyejulikana na nyumbakumi, ni rahisi sana kurudishwa.

Niliahidi kuwasema wanaokataa. Wapo. Wafuasi wa Kitawala katika maeneo mbalimbali ya mashariki na Katanga ya zamani wamekataa chanjo tangu zamani, na hata baadhi ya makanisa ya Kipostolo. Lakini tusijifiche nyuma yao. Wakati wa korona nilisikia kwa masikio yangu wahubiri wa makanisa yanayofanana na yetu wakisema sindano ni alama ya mnyama, 666. Waliokuwa wakizungumzia chanjo ya watu wazima hawakufikiri kwamba mama aliyekaa mbele yao na mtoto wa miezi mitatu anasikia neno “chanjo” tu. Neno hilo lilibaki. Hakuna mhubiri niliyemwona akirudi mimbarini kulifuta.

Hata hivyo uvumi hauoti juu ya jiwe. Wenzangu wa Beni na Butembo wananikumbusha Desemba 2018, uchaguzi wa rais ulipoahirishwa kwao kwa sababu ya Ebola. Karibu nchi nzima ilipiga kura, wao wakaambiwa wasubiri mpaka Machi. Watu wakasema: ugonjwa huu ni wa siasa. Na walipoona magari mengi hivyo kwa ugonjwa mmoja, wakati mtoto anakufa kwa surua au malaria bila mtu kuja, waliuliza swali ambalo mimi siwezi kuliita la kijinga. Watu wanaokujia siku moja na bunduki na sindano, na siku nyingine zote mlango wao una kufuli, utawaaminije? Mama aliyerudishwa mara tatu hahitaji kuambiwa uongo mwingi ili asiende mara ya nne.

Ndiyo maana siku hizi nasoma Marko 10:13-16 kwa namna nyingine. Zamani nilikuwa nahubiri pale upendo wa Yesu kwa watoto, na ni sawa. Lakini tazameni nani anafanya nini. Watu wanawaleta watoto. Wazazi wametimiza sehemu yao, wametembea, wamefika. Wanaowazuia ni wanafunzi, watu wa ndani, wenye kazi ya kupanga watu mlangoni, na bila shaka walidhani wanamsaidia Bwana atumie muda wake vizuri. Hasira ya Yesu inawaangukia hao. Hakuna neno hata moja la lawama kwa wazazi. Nilipoliona hilo, nikakumbuka mahubiri yangu ya 2019, nikajua nilisimama upande gani wa mlango.

Kanisa letu haliwezi kusema jambo hili ni la serikali tu. Tangu mwaka 1981, mradi wa SANRU ulipoanza chini ya Kanisa la Kristo katika Kongo, Waprotestanti tumekuwa ndani ya afya ya vijijini, na mpaka leo hospitali na vituo vingi vya mashariki ni vya jumuiya zetu. Kufuli lile la mlangoni, mara nyingine ufunguo wake uko kwetu.

Tulifanya nini katika paruasi? Mambo madogo, na mengine hayakufaulu. Niliomba msamaha kwanza, Jumapili, mbele ya watu wale wale. Halafu tukakubaliana na muuguzi: tarehe ya chanjo itangazwe ibadani, na Jumamosi inayotangulia, mtu mmoja wa kila kapela amhesabie watoto watakaokuja. Kazi hiyo wanaifanya kina mama pamoja na wale wajitoleaji wa afya tunaowaita reko. Wakipatikana kumi wa surua, anajua kichupa kitafunguka na kuisha. Wakiwa wachache, wanaunganishwa na wa kapela jirani kwa siku moja. Siku ikiahirishwa, muuguzi anapiga simu, na mama hatembei bure. Kapela ya juu ilitoa chumba chake, na sadaka ya Jumapili moja kwa mwezi ikawa ya esansi. Karti tunazinunua sisi, na tulimwomba muuguzi aiache ile faini ya waliozalia nyumbani. Hilo la mwisho lilichukua mwaka mzima wa mazungumzo, na sikulipata kwa mahubiri. Nililipata siku kamati ya kituo ilipoona kwamba kina mama waliozoea kuja na watoto wanakuja pia wao wenyewe wakiugua.

Tuna daftari la watoto waliowekwa wakfu kanisani. Tulianza kuandika humo, pembeni, kama mtoto ameshaanza chanjo. Hapo shamasi mmoja, mtu mwenye bidii sana, akapendekeza kwamba asiye na karti asiwekwe wakfu mpaka aipate. Tulijadiliana karibu saa mbili. Mimi nilikataa. Tukifanya hivyo, mama yule yule aliyefukuzwa kituoni tutamfukuza na kanisani, na ataficha mtoto mahali pawili badala ya pamoja. Daftari ni la kumtafuta mtoto. Shamasi hakuridhika, na mpaka leo ananiambia kwamba mimi ni mpole mno kwa akina baba. Labda ana haki kuhusu akina baba.

Yasiyofaulu: kulikuwa na miezi miwili friji haikuwa na kitu, na tulikuwa tumeshakusanya watoto. Kina mama walikasirika nasi, na walikuwa na sababu. Wakati mapigano yaliposogea, kapela mbili zilihama zote, na daftari lao moja limepotea. Na familia za Kitawala hazijaja. Wawili katika wao wananisalimia njiani sasa, zamani hawakunisalimia.

Kwa mchungaji anayesoma haya na kutaka kuanza, nashauri asianze na mahubiri. Aende kituoni siku ambayo si ya chanjo, akae na titulere, aulize: mnafungua kichupa cha surua kwa watoto wangapi? Mwezi uliopita siku ngapi zilizopangwa hazikufanyika, na kwa sababu gani? Mama analipa nini kabla mtoto hajaguswa? Kisha aende kwa kina mama wa kapela iliyo mbali kuliko zote, awaulize maswali hayo hayo. Majibu hayatafanana, na mahali yanapotofautiana ndipo kazi yake ilipo. Akumbuke pia kuuliza ndugu wageni waliokimbilia kwake, maana hao hawamo kwenye hesabu ya mtu.

Yule mtoto wa jicho moja sasa yuko shule ya msingi, anakaa benchi la mbele ili aone ubao. Mama yake ndiye anayehesabu watoto wa kapela ya juu. Jumamosi hii ana majina saba. Muuguzi amesema atapanda Jumatano hata kwa hao saba, ikiwa njia itakuwa wazi.